Usilaumu redio, mnara ni wewe

Baofeng UV-5R siku hizi inauzwa kwa bei ya jozi mbili tatu za raba safi za Gikomba. Ndiyo maana kijana akisikia tu kuhusu redio ya ridhaa, ambayo wenyewe huiita ham, hatua yake ya kwanza huwa ni kuagiza hiyo. Inafika, anaichaji, anaiwasha akiwa kitandani kwenye bedsita yake Roysambu, na kinachotoka ni shhhhh. Anabonyeza hapa, anageuza pale, bado shhhhh. Baada ya wiki mbili anaamini ameuziwa takataka na anaanza kuweka akiba ya redio ya elfu arobaini.

Akiinunua hiyo ya elfu arobaini na kuiwasha kwenye kitanda kilekile, itamwimbia shhhhh ya bei ghali.

Shida si redio. Sisi tumelelewa na simu, na simu imetuzoesha vibaya. Ukipiga simu ukiwa chooni inashika kwa sababu kuna kampuni iliyojenga mnara mita mia chache kutoka kwako, ikaufungia antena za pesa nyingi na kuulipia stima. Kazi ngumu yote imefanywa na mtu mwingine. Kwenye redio ya ridhaa hakuna huyo mtu. Hiyo ndiyo raha yake: Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilitambaa kutoka hapa hadi Tanzania, lakini mawimbi ya redio hayakujua kama kuna kitu kimekatika. Upande wa pili wa raha hiyo ni kwamba mnara ni wewe. Kama hujaujenga, hauko.

Kwa hivyo ukiwa na pesa kidogo, na wengi wetu tuna kidogo, naomba uziweke kwa mpangilio huu: antena kwanza, kebo ya pili, redio ya mwisho. Mimi si injinia. Niliacha chuo mwaka wa pili na hakuna karatasi ukutani kwangu inayosema najua mambo haya. Lakini waya haukuulizi cheti. Ukiukata kwa urefu unaofaa unafanya kazi, basi.

Kitu kimoja kabla hatujapanda juu. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 1998 inataka uwe na leseni ya kituo chako cha redio, na inayotoa ni Mamlaka ya Mawasiliano, CA. Ukishaipata unapewa jina lako la hewani, na ya hapa Kenya huanza na 5Z4. Kuna chama pia, Amateur Radio Society of Kenya, na wazee walio humo wamefunga antena kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Fuatilia leseni kabla ya kununua chochote, na usibonyeze kitufe cha kuongea bila hiyo. Masafa ya jirani yako hewani yanaweza kuwa ya polisi au ya ndege.

Sasa hesabu, na ni ndogo, usikimbie. Kila masafa yana urefu wake wa wimbi. Chukua 300, gawa kwa masafa ya megahezi, unapata mita. Masafa ambayo Baofeng hutumia kwa redio ya ridhaa ni karibu 145. Ukigawa 300 kwa 145 unapata mita 2 na kidogo, na ndiyo maana watu huiita bendi ya mita 2. Antena inapenda kuwa sehemu fulani ya urefu huo: nusu, au robo. Robo ya mita 2, ukipunguza kidogo kwa sababu wimbi huenda polepole kiasi ndani ya chuma, ni kama sentimita 49.

Chukua rula upime kile kijiti cheusi cha mpira kilichokuja na redio. Hakifiki hata nusu ya hapo. Ndani yake kuna waya uliosokotwa kama springi ili utoshee, na hapo ndipo nguvu nyingi hupotelea. Cha pili ambacho wauzaji hawakwambii ni kwamba antena ya robo ni nusu ya antena tu. Inahitaji upande wa pili, wa kusukumana nao. Kwenye redio ya mkononi upande huo wa pili ni kasha la redio na mkono wako, na mkono wako, pole, si antena nzuri.

Ndiyo maana ukarabati wa kwanza hauna gharama. Kata waya mwembamba wa sentimita 49, toa ganda kwenye ncha moja, ifunge hiyo ncha kwenye pete ya chuma ya nje pale antena inapokazwa, halafu acha waya uning'inie chini kama mkia. Usiguse pini ya katikati. Sasa redio ina upande wa pili. Jamaa yangu wa Umoja alipofunga mkia huo kwa mara ya kwanza, kituo alichokuwa akikisikia kwa kukwaruza kilitoka kikiwa safi, naye akaanza kuangalia chini ya redio kama aliyechezewa mazingaombwe.

Halafu toka nje. Zege lenye vyuma hula mawimbi, na nyumba ya mabati ni mbaya zaidi: ukiwa ndani uko kwenye kopo. Lakini mabati hayohayo ukiyakalia juu yanageuka kuwa rafiki, kwa sababu paa la mabati ni ule upande wa pili tuliosema, tena mkubwa. Ile antena ya magari yenye sumaku chini, ukiibandika katikati ya paa la mabati ya chuma, inafanya kazi kama iliyotengenezewa hapo. Watu wa Kibera na Mathare hapo wana faida juu ya watu wa magorofa ya Kilimani. Si kila siku naandika sentensi kama hiyo.

Kwenda juu kuna hesabu yake pia. Mawimbi ya bendi hii husafiri karibu kama mwanga, yakifika mahali dunia inapojipinda yanapotea angani. Chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.1, unapata kilomita kwenye ardhi tambarare. Ukisimama chini na redio mdomoni, mita 1.5, ni kama kilomita 5. Ukiwa na antena juu ya gorofa la mita 25 ni kama 20. Mwenzako naye akiwa na mita 25 mnajumlisha, inakuwa 40, karibu umbali wa katikati ya jiji hadi Thika. Wati ni zilezile 5. Hakuna redio ya duka lolote la Luthuli itakayokupa hizo kilomita ukiwa umekaa kitandani.

Antena ya kupeleka juu unaweza kuitengeneza jioni moja. Mwombe fundi wa stima mabaki ya waya wa shaba wa 2.5, ule mgumu wa kutandaza ndani ya kuta. Nunua konekta moja ya SO-239, ile ya kike yenye matundu manne pembeni. Kipande kimoja cha sentimita 49 kinachomelewa katikati, kimesimama wima. Vipande vinne vya kama sentimita 52 vinafungwa kwenye yale matundu manne kwa skrubu, halafu unavikunja kuelekea chini kama miguu ya buibui, nyuzi 45. Kukunja huko si urembo. Miguu ikilala tambarare, antena inakuwa na ukinzani wa kama omu 36. Ikiinama hivyo inakaribia 50, na 50 ndiyo redio yako inataka. Simamisha kitu hicho kwenye kipande cha paipu ya PVC. Kikisimama karibu na dishi la jirani hakuna mtu atakayekigundua, na mwenye nyumba ambaye ameruhusu madishi kumi na mawili kwenye paa lake hana hoja ya kukataa. Mwulize hata hivyo, na mshike keateka vizuri kwa sababu ndiye mwenye ufunguo wa mlango wa kwenda juu.

Hadi hapo watu wengi wanafika. Wanapoanguka ni kwenye kebo.

Kebo ndiyo barabara ya kutoka redio hadi antena, na kila barabara hutoza. Hasara hupimwa kwa desibeli, na ukumbuke moja tu: kila desibeli 3 ni nusu imeenda. Ile kebo nyembamba nyeusi inayoitwa RG-58, ambayo ndiyo ya kwanza kuonyeshwa dukani, kwenye megahezi 145 inakula kama desibeli 20 kwa kila mita 100. Kutoka chumba cha ghorofa ya pili hadi juu ya paa unaweza kutumia mita 20, kwa hivyo desibeli 4. Unaingiza wati 5, zinafika wati 2. Ukienda ile bendi ya juu ya Baofeng, megahezi 435, mita hizohizo 20 zinameza kiasi kwamba kinachofika juu ni kama wati moja. Nyingine zimepasha kebo joto.

Na si kuongea tu. Sauti ya mtu wa mbali inayoingia kwenye antena ikiwa dhaifu inapitia barabara ileile na kutozwa vilevile. Hapo hata ukinunua redio ya wati 50 hujasaidika, maana wati zako hazimwongezei yeye sauti. Atakusikia vizuri, wewe utasikia shhhhh.

Kebo nono, RG-213, kwa mita 20 ingekufikishia zaidi ya wati 3. Ni nzuri, lakini ni ghali na ni nzito kama bomba la maji. Kuna ya tatu ambayo iko kila mahali Kenya hii na vitabu vya Marekani haviipigii debe: RG-6, kebo ya dishi. Hasara yake kwenye bendi ya mita 2 iko karibu na ya RG-213. Iko kila duka la vifaa vya stima, na kila fundi wa dishi ana mabaki yake kwenye mkoba. Tatizo lake ni kwamba ni ya omu 75, na redio inataka 50. Watu husema basi haifai. Fanya hesabu: kutolingana huko kunarudisha kama asilimia 4 ya nguvu. RG-58 ilikuwa imekula asilimia 60. Mimi nitachukua hiyo ya 4, asante. Utahitaji adapta, na utatumia zile konekta za kufinya, kwa sababu kinga yake ya alumini haishiki risasi ya kuchomelea hata ukiibembeleza.

Unaponunua, mwambie muuzaji akate ncha uone ndani. Kuna kebo zinazouzwa zikiwa na jina sahihi kwenye ganda, lakini ule wavu wa ndani ni nyuzi chache zilizotawanyika, unaona hadi plastiki nyeupe. Hiyo iache hapohapo. Wavu ukiwa na matundu, mawimbi yanatoka na kelele za chaja za majirani zinaingia.

Adui mwingine ni maji. Maji yakiingia kwenye konekta ya juu, yananyonywa na ule wavu kama utambi wa taa, yanateremka mita kadhaa, shaba inageuka kijani na kebo imekufa bila wewe kuona chochote kwa nje. Funga konekta kwa selotepu ya stima, juu yake zungusha ukanda wa tyubu ya baiskeli ukiwa umeuvuta, kisha selotepu tena. Na kabla kebo haijaingia dirishani, iache ilegee kidogo ishuke chini ya kizingiti halafu ipande, ili matone ya mvua yadondoke hapo nje badala ya kukufuata hadi kwenye meza.

Kuhusu ile namba ambayo kila mtu anaiogopa, SWR. Inakwambia ni kiasi gani cha nguvu kinachorudi kutoka juu kwa sababu antena haijalingana. Moja kwa moja ni kamilifu, 1.5 inarudisha asilimia 4, 2 inarudisha kama 11, na 3 inarudisha robo. Chini ya 2 tulia, endelea na maisha. Nimeona watu wakihangaika wikendi nzima kutoa 1.4 ifike 1.1, tofauti ambayo hakuna sikio duniani litaisikia. Kama mnaweza kuchanga wanne watano mnunue NanoVNA, kile kikasha kidogo chenye skrini, mtaona mchoro mzima wa antena yenu badala ya kukisia. SWR ikiwa nzuri chini ya masafa unayotaka, antena ni ndefu, ikate milimita chache. Ikiwa nzuri juu yake, ni fupi. Ndiyo maana huwa unaanza na waya mrefu kidogo, kwani hakuna anayejua kukata waya urefuke.

Ila namba hiyo inadanganya, na inadanganya zaidi wenye kebo mbaya. Chukua ile RG-58 ya desibeli 4. Panda juu uchomoe antena kabisa. Nguvu inapanda, inapoteza 4, inagonga mwisho wazi, inarudi, inapoteza 4 nyingine, na mita yako chini inasoma kama 2.3. Hakuna antena juu na mita inakwambia hali si mbaya sana! Kipimo cha ukweli kiko juu, pale kebo inapokutana na antena. Ukipimia mezani, unapima hasara ya kebo ukidhani unasifiwa.

Kuna siku bendi ya mita 2 itakuwa ndogo kwako, utataka Mombasa, utataka Italia, utataka Brazili. Huko ni masafa ya chini, mawimbi marefu yanayogonga tabaka la juu la anga na kurudi ardhini, na redio zake ni za bei nyingine. Antena yake ni rahisi kuliko ya kwanza. Inaitwa dipoli: nyaya mbili zinazotazamana, kebo katikati. Chukua 143, gawa kwa megahezi, unapata urefu wote kwa mita. Kwa 28.4 ni mita 5, inatosha kwenye balkoni ndefu. Kwa 14.2 ni mita 10. Kwa 7.1 ni mita 20, nayo inafuata kamba za kuanikia nguo za ploti nzima bila mtu kuuliza. Na hapa ile kebo ya dishi inarudi kwa heshima zake zote, kwa sababu dipoli iliyo juu ya kutosha ina kama omu 73. Ukiwa na mti mmoja tu, inua katikati na uteremshe ncha pande mbili kama paa la nyumba. Ncha zikae juu kuliko mkono wa mtu, maana hapo ndipo kuna volti kubwa. Chini tu ya kiungo, zungusha kebo kama mara saba kwenye duara la upana wa sahani, ili wimbi lisiteremke kwa nje ya kebo likakufuata ndani.

Dipoli hupeleka zaidi pande zake mbili kuliko kwenye ncha zake. Ulaya iko kaskazini yetu, kwa hivyo waya ulale mashariki kwa magharibi. Lakini ukiwa na ile ya 7.1 na huna pa kuiinua, usisikitike. Ikikaa mita tano sita tu juu, nguvu nyingi inaenda wima, inagonga anga na kurudi kama mvua kwa mamia ya kilomita kuzunguka. Mombasa iko kama kilomita 440 kutoka Nairobi kwa mstari ulionyooka, Kisumu iko karibu zaidi, na mchana waya wa chini unazifikia zote mbili kuliko ule uliopandishwa kwa gharama. Ndio wakati pekee kwenye makala haya ninapokwambia uvivu unalipa.

Anayedhani nguvu ndiyo kila kitu amtazame Joe Taylor, mwanafizikia wa Marekani aliyeshinda Tuzo ya Nobel 1993 na ambaye mwaka 2008 alitoa programu iitwayo WSPR. Watu huitumia kurusha ishara za robo ya wati hivi, kidogo kuliko balbu ya tochi, na zinasomwa mabara mengine. Au rudi nyuma hadi Desemba 12, 1901, Newfoundland, Marconi aliposema amesikia herufi moja kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Kifaa chake cha kupokelea kilikuwa duni kuliko chochote unachoweza kuokota leo. Alichokuwa nacho ni waya mrefu ulioinuliwa na kishada kwenye upepo wa baridi.

Mtihani wa antena yako ya kwanza, ile ya buibui, uko juu yetu tayari. Kituo cha Anga cha Kimataifa, ISS, hupita kama kilomita 400 juu na redio yake ya ridhaa husikika kwenye 145.800. Tafuta saa ya kupita kwenye programu yoyote ya simu, weka masafa, subiri. Si kila mara wanaongea, lakini wakiongea hakuna jengo katikati yenu.

Mwisho ni mambo ya kubaki hai. Kabla ya kuinua chochote, angalia nyaya za stima ziko wapi, halafu jiulize: paipu hii ikianguka, upande wowote ule, itazifikia? Kama jibu ni labda, tafuta pengine. Usifanye kazi hiyo peke yako wala jioni ya mvua. Kuhusu radi, watu wa Kisii na Kakamega hawahitaji somo kutoka kwangu, lakini sisi wa Nairobi huichukulia kama sauti ya kulalia. Mlingoti wa chuma uunganishwe ardhini kwa waya mnene, hata hivyo usiutegemee huo peke yake. Mawingu yakianza kujikusanya upande wa Ngong, chomoa kebo kwenye redio, iondoe mezani, na uitupe ncha yake nje ya dirisha kabla ya ngurumo ya kwanza.